Andiko la milioni 33 lilikataliwa, la milioni 46 likapita: tulivyohamisha SACCOS kutoka kwenye leja

Mhasibu wa Leja

Wakuu, habari za jioni.

Naona vijana wanaulizana namna ya kuandika andiko la mradi ili wakubwa walipitishe. Wengine wanauliza namna ya kuwafanya wafanyakazi waupokee mfumo mpya ukishanunuliwa. Yanaulizwa kama mambo mawili tofauti, na hata mimi niliyaona hivyo kwa miaka mingi, mpaka yakanigharimu. Naomba mnivumilie, uzi utakuwa mrefu.

Ni mhasibu wa SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, cha watumishi, mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Jina silitaji, na namba nitakazoweka ni za mfano ili chama kisitambulike. Hesabu yenyewe ndiyo ile ile tuliyoifanya.

Tulikuwa na wanachama elfu mbili na zaidi, wote kwenye leja za mkono. Rafu tatu ukutani, majalada ya kitambaa cha kijani, kila mwanachama na ukurasa wake: hisa, akiba, amana, mkopo. Mwaka ukiisha tunalala ofisini kufunga mahesabu. Nikaamua kuandika andiko la kununua mfumo wa kompyuta.

Andiko la kwanza lilikuwa na kurasa 14. Programu na usimikaji milioni 22. Kompyuta, printa na betri za kuhimili umeme ukikatika, milioni 9. Mafunzo ya siku tatu, milioni 2. Jumla milioni 33. Upande wa faida nikaandika yale tunayoandika wote: kuongeza ufanisi, kuboresha huduma, kwenda na wakati. Nikalipeleka kwenye bodi nikiwa na uhakika.

Mjumbe mmoja, mwalimu mstaafu, alisoma hadi mwisho, akavua miwani, akaniuliza: "Mhasibu, huo ufanisi nitauona kwenye ukurasa gani wa hesabu za mwaka kesho?" Sikuwa na jibu. Andiko likarudi mikononi mwangu, na kusema kweli lilistahili kurudi.

Kilichofuata ndicho kilichonifundisha. Nilinunua daftari dogo, nikakaa nyuma ya dirisha wiki nne, nikawa nafuatilia kila fomu ya mkopo tangu inapopokelewa mpaka fedha inapomfikia mwanachama. Mkopo wa kawaida ulikuwa unachukua siku 17. Lakini ukijumlisha muda ambao mtu alikuwa ameishika fomu ile mkononi akiifanyia kazi, haufiki saa tatu. Siku zote zilizobaki fomu ilikuwa imelala. Ilisubiri leja iliyoko mezani kwa mtu mwingine. Ilisubiri orodha ya makato ya mishahara kutoka kwa mwajiri. Ilisubiri kamati ya mikopo, iliyokuwa inakutana mara moja kwa mwezi.

Hilo la kamati lilinishtua. Hakuna kompyuta inayoweza kuitisha kikao. Tulikubaliana kamati ikutane kila baada ya wiki mbili, na siku kadhaa zikapungua bila kununua hata kalamu. Nikalazimika kuziondoa siku hizo kwenye faida za mradi, maana zilikwisha kupatikana. Ukipima hali ya sasa kwa uaminifu, sehemu ya mradi wako itakufa hapo hapo. Iache ife, kitakachobaki ndicho utakachoweza kukitetea.

Nikaandika upya. Faida nne, kila moja ikiwa na fedha ndani yake:

Makato yaliyokuwa yanapotea kwa sababu orodha yetu inamfikia mwajiri imechelewa au ina makosa: milioni 9 kwa mwaka. Malipo ya saa za ziada za kufunga mahesabu: milioni 5. Fedha zinazolala benki bila kukopeshwa kwa sababu maombi yamekwama: milioni 4.8. Leja, vocha na uchapaji: milioni 2.2. Jumla milioni 21. Ukitoa gharama ya kuendesha mfumo, milioni 6 kwa mwaka, inabaki milioni 15.

Gharama ya kuanza ndiyo iliyopanda. Programu na vifaa vilibaki milioni 31. Ila nikaongeza makarani wanne wa muda kwa miezi mitatu wa kuingiza leja kwenye mfumo, milioni 4.8. Malipo ya wafanyakazi wetu kwa miezi mitatu ya kuandika kotekote, kwenye leja na kwenye mfumo, milioni 3.2. Mafunzo milioni 3. Tahadhari kwa yasiyotarajiwa milioni 4. Jumla milioni 46.

Kisha nikafanya hesabu ambayo sikuwahi kuifanya. Fedha hizi tungezikopesha kwa wanachama zingezaa asilimia 12 kwa mwaka. Basi mradi lazima uishinde asilimia 12, la sivyo tuwakopeshe watu tu. Shilingi utakayoipata miaka ijayo ina thamani ndogo kuliko ya leo, hivyo nikazipunguza faida za kila mwaka kwa kiwango hicho kwa miaka mitano. Milioni 15 kila mwaka inakuwa na thamani ya leo ya kama milioni 54. Toa 46, unabaki na milioni 8. Mradi unalipa, japo si kwa kishindo.

Halafu nikajiuliza: wafanyakazi wakiendelea kutumia leja kimya kimya mwaka mzima wa kwanza, itakuwaje? Mfumo tumeulipia, milioni 6 za uendeshaji zinatoka, faida haijaja, faida zinaanza mwaka wa pili. Nikapiga. Ile milioni 8 ya faida ikageuka hasara ya karibu milioni 11. Sikuamini, nikapiga tena kwa mkono. Mwaka mmoja tu wa watu kusitasita unaua mradi mzuri.

Usiku ule ndipo nilipoelewa kwamba "kuwaandaa watu" si aya ya kupambia mwisho wa andiko. Kwenye mradi wetu ndiyo iliyoamua kama ni faida au hasara, na kwenye andiko langu la kwanza nilikuwa nimeipa siku tatu na soda.

Sasa nije kwa mama wa leja. Alikuwa na miaka 22 kwenye zile rafu. Mwanachama akiingia, kabla hajataja namba yake mama ameshanyanyuka kwenda kwenye jalada. Nilipomwambia mara ya kwanza kwamba kompyuta itamrahisishia kazi, aliitikia "sawa baba" akaendelea kuandika. Nikadhani amekubali. Kumbe alichosikia ni kwamba kazi yake imekwisha.

Siku moja nikiwa nakagua kurasa za kuingiza kwenye mfumo, niliona vidoti vya penseli pembeni mwa baadhi ya mistari. Vidogo, huvioni mpaka uinamishe ukurasa kwenye mwanga. Nikamuuliza. Kidoti kimoja: marejesho yamesogezwa kwa ridhaa ya bodi, ana msiba au ugonjwa. Vidoti viwili: mdhamini wake amehama au amefariki, asipewe mkopo mpya kabla hajaleta mwingine. Kiduara: majina matatu yanafanana na ya mwanachama mwingine, angalia namba ya ajira kabla hujaandika. Miaka 22 ya akili ya chama ilikuwa kwenye vidoti vile, na muuzaji wa mfumo hakuwa na sehemu hata moja ya kuviweka. Tungehamisha tarakimu tu tukaviacha, mwezi wa kwanza tungewakata wafiwa na kuwakopesha watu wasio na wadhamini.

Tulimrudia muuzaji, akaongeza sehemu ya maelezo na alama ya zuio kwenye akaunti. Na mama wa leja tukamkabidhi uhakiki. Hakuna ukurasa ulioingia kwenye mfumo bila sahihi yake. Mwezi wa kwanza alikamata marejesho yaliyokuwa yanaingia kwa mtu mwingine kwa miezi saba, wawili wenye majina sawa. Kuanzia hapo hakuna keshia aliyesema mfumo ni wa mhasibu.

Jambo la mwisho lililopitisha andiko: mbele ya kila faida niliweka jina la mtu na sahihi yake. Si idara, mtu. Milioni 9 za makato, karani wa makato. Milioni 5 za saa za ziada, mimi. Fedha zinazolala, mwenyekiti wa kamati ya mikopo. Nilikaa na kila mmoja kabla ya bodi nikamuuliza: ukipewa mfumo huu, utaweza kuleta hii? Wawili walinipunguzia namba. Zilizobaki ndizo mlizoziona hapo juu.

Bodi ikapitisha, tukaiweka kwenye makisio, mkutano mkuu ukaidhinisha. Maswali na ukosoaji nakaribisha.

Nesi wa Zamu

Asante sana mkuu. Hapo kwenye kuandika kotekote umenigusa.

Nipo hospitalini. Kituo kimoja nilichofanyia kazi walileta mfumo wa kompyuta, na hakuna aliyepanga nani ataziba pengo wakati tunajifunza. Wodi ina wagonjwa 40, manesi wawili usiku. Unaandika kwenye faili kwa sababu daktari anasoma faili. Kisha unaandika kwenye kompyuta kwa sababu uongozi unasoma kompyuta. Saa kumi alfajiri unachagua, na anayeujua usiku wa wodi hatakulaumu kwa kuchagua mgonjwa. Asubuhi unaambiwa mnapinga mabadiliko.

Sikuwahi kupinga. Nilitaka mtu mmoja wa ziada kwa wiki sita. Laiti aliyeandika lile andiko angeiweka ile gharama kama ulivyoweka milioni 3.2 zako.

Mpiga Hesabu

Mkuu, nimeikagua hesabu yako na iko sawa: milioni 15 kwa miaka mitano kwa asilimia 12 ni 54 na ushee. Ila nina hoja. Chukua andiko lako la kwanza la milioni 33, ulicheleweshe mwaka mmoja kama ulivyofanya. Mwaka wa kwanza unapoteza 6 za uendeshaji, miaka minne inayofuata unapata 15. Thamani ya leo ni kama 35. Toa 33, bado una faida ya milioni 2 na kitu. Kwa hiyo hata lile andiko la kwanza, na uzembe wake, halikuwa hasara. Umeongeza milioni 13 ili upate ongezeko la kama milioni 6. Mjumbe mkali wa bodi angeweza kukuuliza kama inastahili.

Mhasibu wa Leja

Mpiga Hesabu, asante kwa kuipitia. Yule mwalimu mstaafu aliniuliza swali hilo hilo, na nilikuwa nimejiandaa nalo.

Hesabu yako inadhani kwamba baada ya mwaka mmoja faida zote zitakuja zenyewe. Lakini kwenye milioni 33 hakukuwa na fedha ya kuingiza leja. Bila leja kuingia na kuhakikiwa, orodha ya makato inaendelea kutengenezwa kwa mkono, na zile milioni 9 haziji mwaka wa pili wala wa tano. Zitoe. Faida inabaki milioni 12, uendeshaji 6, zinabaki 6 kwa mwaka. Kwa miaka mitano thamani ya leo ni milioni 21 na nusu hivi. Toa 33, ni hasara ya milioni 11 na zaidi, hata kama watu wangeanza siku ya kwanza.

Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba kuchelewa peke yake kusingeliua andiko la kwanza. Lingeuawa na kukosa gharama ya kazi inayoleta faida. Ukiandika faida, rudi nyuma uulize: nani lazima afanye nini ili hii itokee, na muda wake nimeulipia wapi?

Kijana wa Mipango

Wakuu, shikamooni wakubwa. Mimi niko idara ya mipango kwenye taasisi moja. Tatizo letu ni tofauti kidogo. Uamuzi unafanyika kwanza, halafu unaambiwa "tuandikie andiko lifike Ijumaa". Unatengeneza faida za kufunika gharama iliyokwisha kuamuliwa. Njia mbadala unaandika tatu, mbili zimewekwa ili zishindwe. Nifanye nini nikiwa afisa wa daraja la chini?

Mzee wa Bodi

Marahaba kijana wangu.

Nimekaa kwenye bodi za vyama viwili vya ushirika, cha mazao na cha akiba na mikopo, na nimesoma maandiko mengi ya Ijumaa. Nikuambie tunachokiona sisi tunaopitisha.

Andiko lililoandikwa baada ya uamuzi linatambulika kwa njia ya kwanza, ile ya kubaki tulivyo. Huandikwa mstari mmoja: "haifai". Mwandishi anayetafuta ukweli huieleza kubaki tulivyo kwa kirefu kuliko njia nyingine zote, kwa sababu ndiyo anayoijua. Inagharimu kiasi gani kwa mwaka, itatufikisha wapi ndani ya miaka mitatu, nani anaumia nayo. Mimi husoma hapo kwanza. Kukiwa kutupu, maswali yangu yote yanaanzia hapo.

Wewe kwa nafasi yako huwezi kuuzuia uamuzi wa mkubwa, na sikushauri ugombane naye. Lakini hakuna atakayekukataza kuandika mambo mawili: kipimo cha leo kabla ya mradi kuanza, na tarehe ya kupima tena. Yaandike kwa tarakimu. Mradi ukifanikiwa, mkubwa wako atakuwa na ushahidi. Usipofanikiwa, taasisi itajua ilipoteza nini na wapi. Nimeona miradi mitatu ambayo hakuna anayeweza kusema ilifaulu au ilishindwa, kwa kuwa hakuna aliyepima mwanzo, na wanachama wameilipia yote mitatu.

Jambo jingine kwa walio kwenye ushirika: msikimbilie kupitisha kwenye bodi mkausahau mkutano mkuu. Fedha ni za wanachama. Mwanachama akisikia kwa mara ya kwanza siku ya makisio kwamba kitabu chake kinahamia kwenye kompyuta, atasimama na kukataa, na atakuwa na haki. Na taarifa zake sasa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nani atakayeziona, zitatunzwa wapi, muuzaji akifunga duka zinarudije kwetu? Hilo nalo lina gharama, liwekwe kwenye andiko.

Mswahili wa Coventry

Salaam kutoka Uingereza. Nimefurahi kuukuta uzi huu. Huku kuna kisa kinachofundishwa sana kwenye masomo ya miradi, nacho kinaendana na alichosema Nesi wa Zamu.

Huduma ya magari ya wagonjwa ya London iliwasha mfumo wa kompyuta wa kupangia magari tarehe 26 Oktoba 1992. Kabla ya hapo kila simu iliandikwa kwenye karatasi, ikipita mkono kwa mkono mpaka kwa anayetuma gari. Mfumo ukawashwa kwa jiji zima kwa mpigo. Ndani ya saa chache taarifa za magari yako wapi zikavurugika, magari mawili yanakwenda kwa mgonjwa mmoja, mwingine hapati hata moja. Watu wakapiga simu tena kuuliza, simu zikaongezeka, mfumo ukazidi kulemewa. Tarehe 4 Novemba ukaganda kabisa, wakarudi kwenye karatasi. Mkurugenzi mkuu alikuwa amekwisha kujiuzulu.

Uchunguzi ulitoa ripoti mwaka 1993. Zabuni iliyochaguliwa ilikuwa ya bei ya chini mno, chini ya pauni milioni 1. Muda uliowekwa haukuwezekana. Mafunzo yalitolewa mapema mno, mfumo ukachelewa, watu wakawa wamesahau. Wafanyakazi wa chumba cha simu na wale wa kwenye magari hawakufundishwa pamoja, ilhali kazi yao ni moja. Na uhusiano wa uongozi na wafanyakazi ulikuwa umeharibika tangu zamani, hivyo hakuna aliyeuamini mfumo uliotoka juu.

Baadaye walianza upya, safari hii kipande kwa kipande, na watumiaji wakishirikishwa. Mwaka 1996 mfumo mpya ukafanya kazi. Mji ni ule ule, huduma ni ile ile. Nikisoma habari ya mama wa leja na sahihi yake kwenye kila ukurasa, naona ndicho kilichokosekana London mwaka 1992.

Binti wa Chuo

Naomba kuuliza. Tunafundishwa hatua nane za Kotter na hatua tatu za Lewin, wale wataalamu wa kusimamia mabadiliko. Kwenye mtihani najibu vizuri, lakini kwenye hadithi yako Mhasibu sizioni. Je, ulizitumia?

Mhasibu wa Leja

Binti, nilizisoma baadaye, kwa hiyo sitadai kwamba nilizifuata. Ila zipo ukizitafuta.

Kotter alichapisha hatua zake nane mwaka 1995, na ya kwanza ni kuwafanya watu waone kwamba hali haiwezi kusubiri. Hapo napenda kuwa mwangalifu. Kwenye ofisi zetu "haraka" inageuka vitisho upesi sana: asiyetaka aondoke. Kwetu haraka ililetwa na lile daftari dogo. Nilipowaonyesha wenzangu kwamba fomu inalala siku nyingi kiasi kile, keshia mmoja alisema ndiyo maana dada yake alikosa ada ya mtoto muhula uliopita. Baada ya hapo sikuhitaji kumsukuma mtu.

Lewin ndiye aliyenigusa zaidi, na si kwa zile hatua za kuyeyusha, kusogeza na kugandisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Marekani ilitaka akina mama wapike zaidi nyama za ndani, moyo na figo, maana nyama nyingine ilikuwa adimu. Lewin akagawa akina mama kwenye makundi. Baadhi walipewa mhadhara mzuri: faida kwa mwili, bei, namna ya kupika. Wengine walikaa kujadiliana wao kwa wao, ugumu uko wapi, waume watasemaje, harufu wataiondoaje, mwishoni wakaamua pamoja kwa kunyoosha mikono. Waliosikiliza mhadhara, asilimia 3 tu ndio waliokwenda kupika. Waliojadiliana na kuamua, asilimia 32.

Fikiria mafunzo yangu ya siku tatu ya andiko la kwanza. Yalikuwa mhadhara mtupu. Safari ya pili tulikaa watu saba mezani, na swali lilikuwa moja: tuanze na dirisha lipi? Mimi nilitaka dirisha la mikopo, lina faida kubwa. Wao wakakataa, wakasema tuanze na amana, kwa sababu miamala yake ni mifupi na kosa unaliona siku hiyo hiyo, halijafika kwenye mshahara wa mtu. Walikuwa sahihi. Wiki mbili za amana ziliwazoesha mikono, tulipofika kwenye mikopo hakuna aliyekuwa anaitafuta herufi.

Mwana Nakuru

Habari zenu ndugu zangu, salamu kutoka Kenya. Sisi huku sacco nyingi zilishahama kitambo, na mwanachama anaangalia salio kwa simu. Lakini niliyoyaona kwenye chama changu ni kwamba leja ya zamani haikufungwa kamwe. Miaka miwili mfumo upo, na bado kuna daftari chini ya kaunta "la uhakika". Mfumo na daftari vikigongana, karani anaamini daftari.

Swali langu, mliamuaje siku ya kufunga leja? Na wanachama wenyewe waliamini salio la kwenye skrini?

Mhasibu wa Leja

Ndugu wa Nakuru, swali zuri sana.

Hatukuweka tarehe ya kufunga leja, tuliweka sharti: urari (jumla ya akaunti zote) wa mfumo na urari wa leja ulingane mpaka shilingi ya mwisho kwa miezi miwili mfululizo. Mwezi wa kwanza tofauti ilikuwa milioni 1 na laki tatu hivi. Nyingi zilikuwa tarakimu zilizogeuzwa wakati wa kuingiza, 69 ikawa 96. Mwezi wa pili tofauti ikawa 86,000. Wengine waliniambia niipitishe kama marekebisho, ni fedha ndogo. Mama wa leja alikataa. Alikaa nazo siku mbili, ukurasa kwa ukurasa, akaikuta: mkopo wa dharura wenye kidoti kimoja, marejesho mawili ya 43,000 ambayo bodi iliyasogeza na mfumo ukayahesabu kama yamelipwa. Ile 86,000 ilikuwa fedha ndogo, ila kosa lake lingejirudia kila mwezi kwa kila mwenye kidoti.

Mwezi wa tatu na wa nne zikalingana. Kwa hiyo tuliandika kotekote miezi minne badala ya mitatu niliyopanga, na mwezi wa ziada ukalipwa kutoka kwenye ile tahadhari ya milioni 4. Jioni ya mwezi wa nne leja zikaingia kwenye kabati la chuma. Ufunguo mmoja anao mwenyekiti wa kamati ya usimamizi, mwingine anao mama. Mkaguzi au mwanachama akitaka kuiona leja anaandika ombi, inatolewa, inasomwa mezani, inarudi. Dirishani haiji. Daftari la chini ya kaunta, kama la kwenu, tulilikuta kwa keshia mmoja. Hakufokewa. Tulimuuliza linamsaidia nini ambacho mfumo haumpi. Akasema mwisho wa siku anataka kuona miamala yake mwenyewe kwa mfuatano, si ya ofisi nzima. Muuzaji alitengeneza ripoti hiyo kwa nusu siku, na daftari likakosa kazi.

Kuhusu wanachama, hatukuwaomba waamini. Mwezi mzima tulibandika tangazo mlangoni: njoo na kitabu chako, tulinganishe mbele yako. Walikuja wengi, wengine vitabu vimefungwa kwenye mfuko wa nailoni tangu miaka ya nyuma. Mama wa leja alikaa dirisha la kwanza, skrini imegeuzwa ili mwanachama aisome mwenyewe. Wengi walilingana. Mzee mmoja, dereva mstaafu, kitabu chake kilionyesha hisa zaidi ya zilizo kwenye mfumo kwa shilingi 12,000. Tukafungua kabati, tukatoa leja, tukakuta risiti yake ilibandikwa nyuma ya ukurasa wa mtu mwingine. Sisi ndio tulikosea. Mama alimsomea kwa sauti, akaandika vocha ya marekebisho, akamwingizia pale pale, foleni nzima ikitazama. Mzee akaomba kuiona skrini mara ya pili, akaifuata ile tarakimu kwa kidole, kisha akakifunga kitabu chake kwenye nailoni akamwambia aliye nyuma yake asogee.